Maharagi ya Kibati

Perpétue Mukamurenzi alikuwa na hati ya shamba la Munigi, yenye muhuri wa serikali, na ndiyo aliyoipeleka benki alipokwenda kuomba mkopo. Shamba lenyewe lilifunikwa na moto wa volkano ya Nyiragongo mwaka wa sabini na saba. Hati ilibaki safi kwa sababu mumewe aliificha ndani ya shati siku waliyokimbia. Mwaka uliofuata mume alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Perpétue akabaki na ile hati, chumba cha kupanga Birere, mjini Goma, na kazi yake ya kuuza unga sokoni.

Kazi hiyo aliijua vizuri. Alinunua mahindi na mtama huko Kibati, mlimani, akayateremsha Goma kwa kamyo, akapanga mstari mbele ya mashine ya kusaga iliyokuwa karibu na soko. Mwenye mashine aliwapitisha kwanza wafanyabiashara wakubwa. Wanawake wa Kibati waliokuja wenyewe, mabeseni kichwani, walikaa hapo kutwa nzima, na mara nyingine walirudi juu na nafaka yao vilevile walivyokuja nayo. Perpétue alikaa nao chini ya ukuta, na hapo ndipo wazo la kununua mashine yake mwenyewe lilipomwingia. Alikuwa amesikia kwamba karibu na Rugari kuna shamba la kahawa lililochukuliwa kwa wazungu na kupewa mkubwa mmoja wa Kinshasa. Mkubwa huyo hakuonekana huko hata mara moja, ila alituma neno kwamba vyombo viuzwe. Kati ya vyombo hivyo kulikuwa na mashine ya kusaga pamoja na injini yake ya mazuti, yaani dizeli.

Benki walimpokea kwa heshima. Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, majina ya ubatizo hayakutumika ofisini, kwa hiyo kijana wa mikopo, aliyevaa koti la abakosi lililopigwa pasi vizuri, alimwita citoyenne Mukamurenzi, yaani raia. Aliisoma hati, akaisoma tena, kisha akasema ni lazima aende kuliona shamba.

Walikwenda na jipu ya benki. Kijana alishuka, akatazama mawe meusi yaliyotanda mpaka chini ya mlima, akamgeukia kama asiyeamini kwamba ndipo penyewe.

"Mama, njo hapa?"

"Njo hapa, papa. Pale uliposimama kulikuwa ndizi. Nyumba ilikuwa kule."

Kijana aliinama akagusa jiwe kwa vidole, kama mtu anayeangalia kama sufuria bado ni ya moto.

"Hati ni ya kweli," akasema. "Hilo siwezi kukataa. Lakini ukishindwa kulipa, benki itauza nini?"

"Mawe haya watu wanajengea nyumba."

"Yako kila fasi, mama. Nani atanunua?"

Walirudi mjini. Baada ya majuma kadhaa aliitwa, akaambiwa kwamba benki inasikitika, na kwamba akipata garanti nyingine ya kuweka rehani mlango uko wazi. Alishukuru, akatoka. Hakulia. Lililomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa amekwisha waambia wenzake sokoni habari ya mashine, na sasa kila aliyempita alimwuliza itafika lini.

Mmoja wa waliouliza alikuwa Ferdinand, mfanyabiashara wa kahawa na vitenge, mtu wa milima ya Masisi kama yeye, ambaye Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Ferdinand alikopesha watu. Alimwita dukani kwake, akampa soda, akamweleza masharti bila kuzungukazunguka: atampa franga, fedha zote za mashine, na Perpétue atazirudisha kwa miezi sita, pamoja na nusu yake juu. Akikosa mwezi mmoja, mashine ni ya Ferdinand, na alichokwisha lipa hakirudi.

"Ni kali," Perpétue akasema.

"Ni kali. Nikitaka kukuibia ningekuficha. Unaona mi nakuficha?"

"Hapana, papa Ferdinand."

"Basi enda ufikiri. Mi siko na haraka."

Alifikiri. Alipiga hesabu ya unga ambao mashine ingeweza kusaga, ya mazuti, ya siku ambazo injini ingeharibika, na kila mara alifika palepale: kwa miezi sita angemfanyia kazi Ferdinand, na kosa dogo tu lingemfanya aendelee kumfanyia kazi bila mashine. Hata hivyo alikuwa karibu kukubali. Hakumchukia. Kwake yeye Ferdinand alikuwa mtu wa kwanza kumjibu ndiyo.

Kabla ya kurudi dukani alipanda Kibati kununua mahindi, kama kawaida yake, na akamweleza habari hiyo Mukamugema, mama mmoja mkavu, mrefu, aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima kingine na ambaye hakujua kupunguza sauti hata ndani ya nyumba. Mukamugema alikuwa akimuuzia mahindi tangu mwanzo. Alisikiliza huku akipepeta maharagi, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo mashine utaiweka wapi?"

"Goma. Karibu na soko."

"Basi kopa Goma."

Perpétue alidhani amemkasirisha. Alinyanyua mfuko wake aende. Mukamugema akamshika nguo.

"Mutoto yangu, kaa. Nimesema hivi: ukiiweka Goma, kopa Goma. Ukiiweka hapa, uliza hapa. Siye tunateremuka na mabeseni kila juma. Miguu yetu inalipa. Unafikiri hatuna kitu?"

"Muko na franga, mama?"

"Hatuna. Tuko na maharagi."

Perpétue alirudi Goma na jambo hilo kichwani, na kusema kweli halikumfurahisha. Mashine ya mjini ingesaga kila siku. Ya Kibati ingesaga kwa msimu. Alikuwa ameota mlango unaotazama soko, na jina lake likitajwa na watu wa mjini. Alikaa nalo siku kadhaa. Mwishowe alimwendea Ferdinand akamwambia amepata njia nyingine. Ferdinand aliinua mabega, akamtakia heri.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wanawake walikaa kwenye majani mbele ya kapela ya Kibati wakaelewana naye. Mazungumzo yalikuwa marefu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake. Walilofikia ni hili: kila atakayetoa mfuko wa maharagi wakati wa mavuno atasagiwa bure kiasi cha thamani ya mfuko wake, na juu yake atasagiwa beseni kadhaa za asante. Bei ya wasiotoa itapangwa pamoja. Mashine itakuwa ya Perpétue, na faida yake, lakini haitahama Kibati mpaka wote wamekwisha sagiwa haki yao. Mwalimu wa kapela aliwapa chumba kimoja cha kuwekea mifuko.

"Na injini ikikufa?" akauliza mama mmoja mdogo, Annonciata, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Nitaitengeneza kwa franga zangu."

"Na wewe ukikufa?"

Watu walicheka. Perpétue hakucheka. Alisema kwamba akifa mashine ni yao mpaka deni liishe, kisha waipe familia yake, na akaomba mwalimu awe shahidi. Neno hilo liliwatuliza kuliko mengine yote aliyosema.

Mavuno ya mwezi wa saba yalikuwa mazuri. Mifuko iliingia chumbani mmojammoja, kila mfuko umefungwa mdomo kwa kipande cha kitenge cha mwenyewe, ili ajulikane. Ilipofika kupangwa lini iuzwe, Mukamugema alishauri wasubiri, kwa maana wakati wa mavuno maharagi ni bei ya bure na karibu na Noeli wanunuzi wa Kinshasa hupanda bei. Wote walikubali. Perpétue alikwenda Rugari kuongea na Édouard, fundi aliyeachiwa lile shamba la kahawa kulilinda. Édouard aliiwasha injini mbele yake, ikakohoa, ikashika. Alikubali kumngojea mpaka mwanzo wa mwaka, ila alitaka franga taslimu, maana ndivyo mkubwa wa Kinshasa alivyoagiza.

Mwezi wa kumi na mbili bei ilipanda kama Mukamugema alivyosema. Wanunuzi walitaka mifuko ya kupeleka kwa ndege kabla ya sikukuu. Perpétue aliwauzia iliyokuwa karibu na mlango, zaidi kidogo ya nusu ya chumba, na mingine akaiacha akitumaini bei itapanda tena. Alilipwa noti za Zaïre kumikumi, kifungu juu ya kifungu. Alizishona ndani ya mto wake akalala juu yake.

Siku ya Noeli redio ilitangaza kwamba noti za Zaïre tano na za kumi hazina thamani tena. Anayezo azipeleke benki katika siku chache zilizotajwa, abadilishiwe mpya. Watu walitoka kanisani wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakasimama barabarani wakiulizana kama wamesikia vizuri.

Kesho yake Perpétue alikuwa kwenye mstari mbele ya benki ileile iliyomnyima mkopo. Mstari ulizunguka jengo na kushuka barabara mpaka mbali. Wanajeshi waliupanga kwa mikanda. Wazee walizimia juani. Alimwona Ferdinand akifika na mkoba mkubwa, akipokewa na mtu wa ndani, akipita mlango wa nyuma. Alimwona pia kijana wa mikopo akipita mbiombio na funguo mkononi. Macho yao yalikutana, kijana akatazama pembeni. Siku ya pili alifika dirishani. Walimbadilishia kidogo, kiasi cha kununua chumvi na sabuni, wakamwambia noti mpya zimekwisha, arudi. Aliporudi dirisha lilikuwa limefungwa. Halikufunguliwa mpaka siku zilizotajwa zikapita.

Alipanda Kibati kwa miguu, kwani hakutaka kukaa ndani ya kamyo na watu wakimwuliza. Alizibeba zile noti ndani ya kitambaa. Wanawake walikuwa wanamngojea mbele ya kapela; habari ilikuwa imemtangulia. Alizimwaga kwenye majani mbele yao, akaeleza yote, dirisha na mstari, bila kujitetea.

Hakuna aliyepiga kelele. Waliingia chumbani kutazama mifuko iliyobaki, na kila mmoja alitafuta kitenge chake. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Aliyeona kitenge chake alikaa juu ya mfuko. Asiyekiona alisimama mlangoni.

"Yangu iko hapa," mmoja akasema. "Mi natoka."

"Yangu iliuzwa," akasema Annonciata. "Nilitoa sawa na wewe. Ju ya kuwekwa karibu na mlango, njo nimepoteza?"

"Haiko mimi nilikuambia uweke karibu na mlango."

Perpétue aliomba wamsikilize. Alisema anayetaka mfuko wake auchukue, ni wake. Na wale ambao mifuko yao iliuzwa, atawalipa yeye, polepole, kwa biashara yake ya unga, hata ikichukua miaka.

Wawili walichukua mifuko yao wakaenda. Hakuna aliyewazuia. Wengine walimtazama Mukamugema, maana yeye alitoa mitatu, na yote mitatu ilikuwa palepale nyuma ya chumba, haikuguswa. Mukamugema alikuwa amekaa juu ya mmoja wao, miguu ameinyoosha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika, na kweli alikuwa amekasirika. Baadaye alisema wazi kwamba siku ile alitaka sana kwenda nyumbani na maharagi yake.

"Annonciata," akaita.

"Karame, mama," akaitika.

"Kama noti zingekuwa nzima, na mashine ingekuja, ungenikataza kusaga ju mifuko yangu haikuuzwa?"

"Hapana. Nani angefanya vile?"

"Basi."

Aliinuka, akafungua kitenge kwenye mdomo wa mfuko, akakitupa chini. Akafungua wa pili na wa tatu. Kisha akamwambia jirani yake, kwa sauti yake ileile ya kuita ng'ombe, "Na wewe, shuka juu ya huo mufuko, uko mzito, utapasua."

Walifungua vitenge vyote. Mwisho wa siku ile mifuko haikuwa na mwenyewe, na kila aliyetoa, mfuko wake uwe uliuzwa au la, alibaki na haki sawa ya mfuko aliotoa. Perpétue alishikilia kwamba sehemu ya hasara iwe juu yake, akakubaliwa: beseni za asante zingekuwa maradufu. Alirudi Goma akiwa amechoka hata njaa hakuisikia.

Kwa Édouard alikwenda akijua hana franga. Alimkuta kwenye ukumbi wa kukaushia kahawa, amezungukwa na wafanyakazi waliokuwa wakimdai mshahara wa miezi mingi. Alimvuta pembeni.

"Papa Édouard, sina franga. Niko na maharagi."

Édouard alicheka, kicheko kifupi.

"Franga gani, mama? Za jana ama za kesho? Hawa batu nimewaahidi noti, sasa hawataki kuziona. Maharagi yako mifuko mingapi?"

Alimwambia. Édouard alisema haitoshi. Waligombana bei mpaka mvua ikapita. Mwishowe Édouard alikubali kuchukua ile iliyopo kwa ajili ya kuwalipa wafanyakazi, na iliyopungua ikamilishwe kwa mavuno yaliyokuwa karibu kutoka shambani. Alipowaeleza watu wake, mmoja alimwuliza Perpétue maharagi ni ya aina gani. Akasema ni mekundu, ya Kibati. Yule mtu akaondoka kwenda kutafuta mfuko mtupu.

Mashine ilishuka Kibati juu ya kamyo ya mbao mwisho wa mwezi wa kwanza. Édouard alikuja nayo, akaifunga juu ya msingi wa mawe ambao wanaume walikuwa wameujenga nyuma ya kapela, akamfundisha Perpétue kuisafisha na kuisikiliza. Sehemu iliyopungua ya deni la mashine ililipwa mwezi wa pili, na wale wanawake wawili waliotoka walirudi kuleta mifuko yao. Walipokewa, ingawa kwa muda waliwekwa mwisho wa mstari.

Perpétue alikutana na Ferdinand sokoni miezi kadhaa baadaye. Ferdinand alimwambia akicheka kwamba angekopa kwake mwezi wa sita na kuuza unga vizuri, angemlipa deni lote kwa noti zilizokufa, na sasa angekuwa na mashine ya bure mjini.

"Ungezipokea, papa Ferdinand?"

"Hapana," akasema, na akaendelea na safari yake.

Mashine haikumtajirisha. Miezi ya njaa ilisimama kimya, na mara moja mkanda ulikatika akakaa majuma mawili akitafuta mwingine mpaka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Lakini alijenga nyumba ya mbao Kibati, akaacha chumba cha Birere, na mwaka wa tatu haki za wote zilipokwisha, alikuwa huru kuihamisha. Alikwenda Goma kutazama fasi ya kupanga karibu na soko, akaambiwa kodi, akarudi. Hakulizungumza tena jambo hilo.

Miaka mitatu nyuma, siku ya kwanza ya kusaga, Mukamugema alikuwa wa kwanza kwa umri na kwa makelele. Beseni lake lilipita mashineni, unga ukatoka, akautia kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akasikia chembe.

"Uko mkubwa," akasema. "Mi sili bunga ya kuku."

Perpétue, uso mweupe kwa unga, alikaza mawe ya mashine, akachukua beseni, akamwaga tena juu.